Kazi yako ya kila siku kama utumishi kwa Mungu: mwongozo wa wiki nne

Maswali ni yale yale, yanaulizwa baada ya ibada, kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye vikundi vya vijana. "Mimi nauza dukani, nitamtumikiaje Mungu?" "Niache kazi niende chuo cha Biblia?" "Jumapili nikiwa kwaya najua ninachofanya, lakini Jumatatu nikiwa kazini sioni chochote cha kiroho." Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeuliza hivyo, uwe umeajiriwa, umejiajiri, au unafanya kazi za nyumbani bila mshahara.

Maelezo ya imani yatakuwa machache, ila mambo matatu lazima uyashike kabla ya hatua ya kwanza.

Kazi ilikuwepo kabla ya dhambi. Mwanzo 2:15 inamweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Miiba na jasho vinakuja sura ya 3. Kwa hiyo uchovu na karaha unayoiona kazini ni ya kweli, lakini si kazi yenyewe iliyo laana.

Maneno ya Wakolosai 3:23, kwamba lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo kama kwa Bwana, hayakuandikwa kwa watu wenye vyeo. Soma mstari wa 22: Paulo anaongea na watumwa, watu ambao hawakuchagua kazi zao na hawakulipwa. Kama kazi yao ilihesabika mbele za Bwana, ya kwako haiwezi kuwa ndogo mno.

La tatu ndilo linalobeba mwongozo wote. Tunapoomba "utupe leo riziki yetu", Mungu hujibu kwa kupitia mkulima, dereva wa lori, mwenye mashine ya kusaga, muuza unga na anayesonga ugali. Kusudi la kazi yako, basi, usilitafute ndani ya hisia zako. Litafute kwa mtu anayepokea kile unachokifanya. Wanaolitafuta kwenye hisia huzunguka miaka.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Daftari dogo la kurasa 48 na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiifungua uandike mistari miwili utajikuta unasoma ujumbe.
- Biblia yoyote unayoielewa.
- Dakika 5 asubuhi na dakika 10 jioni, kwa wiki nne.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza mara moja kwa wiki: mzee wa kanisa, katekista, rafiki wa kikundi cha nyumba kwa nyumba, au mwenzi wako. Asiwe bosi wako, wala mtu unayemdai au anayekudai.
- Jibu la kweli kwa swali moja: je, kazi yenyewe ni halali? Kama kipato chako kinatokana na wizi, utapeli, kuuza dawa zilizoisha muda au kuuza miili ya watu, mwongozo huu hautakusaidia kuifanya iwe takatifu. Hapo hatua ya kwanza ni kutoka, na mchungaji au padri wako ndiye wa kuanza naye. Lakini usichanganye kazi haramu na kazi halali inayofanywa mahali pachafu. Luka 3:12-14 inaonyesha tofauti hiyo: watoza ushuru na askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasidhulumu watu na watosheke na mishahara yao.

Wiki ya kwanza

Hatua ya 1. Andika kazi yako jinsi ilivyo, siku tatu.

Chora safu nne: saa, nilichofanya, kimemfikia nani, nilikifanyaje. Jaza kila unapopata nafasi, wala usisubiri jioni kwa sababu jioni utakumbuka mambo makubwa tu. Usipambe. Ukurasa wa mama lishe unaweza kuwa hivi:

11:00 alfajiri – kuchambua maharage – wateja wa mchana, mafundi wa ujenzi – haraka, niliacha mawe.
1:30 asubuhi – chai na chapati – vijana wa bodaboda – vizuri.
4:00 – kubishana na muuza mkaa – yeye, na mimi – vibaya, nilimtukana.
7:00 mchana – kugawa chakula – watu wapatao 30 – nilimpunguzia nyama mteja mpole kwa sababu hasemi.

Safu ya nne ndiyo yenye faida. Andika "haraka", "vizuri", "kwa hasira", "kwa kulipua", basi. Hakuna haja ya maelezo marefu.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika tu yale yanayoonekana ya kidini: nilimwombea mteja, nilimshuhudia mwenzangu. Hayo yaandike kama yalitokea, lakini maharage ndiyo tunayoyatafuta.

Hatua ya 2. Fuatilia kazi mpaka kwa mtu wa mwisho.

Siku ya nne, chukua mistari mitano kutoka kwenye daftari na kila mmoja uulize: halafu? Endelea mpaka ufike kwa mtu mwenye mwili, anayekula, anayesafiri, anayeumwa, anayesoma.

Karani wa stoo ya dawa anaandika idadi ya vidonge kwenye leja. Halafu? Mfamasia anajua kiasi kilichobaki. Halafu? Anaagiza kabla havijaisha. Halafu? Mama mwenye shinikizo la damu anayetoka kijijini kwa nauli ya kuazima anakuta dawa ipo. Sasa rudi kwenye ile leja. Namba iliyoandikwa kwa kukisia, kwa sababu karani alitaka kuwahi gari, inamfikia mama yule yule.

Wengine njia yao ni fupi. Anayefagia soko asubuhi anampa muuza mboga mahali pasipo na inzi, na mlaji asipate kuhara. Dereva wa bodaboda abiria wake amekaa nyuma yake kabisa. Wengine ni ndefu, hasa wanaokaa na kompyuta. Ukifika halafu ya saba bila kumwona mtu, muulize mtu wa idara inayopokea kazi yako. Mara nyingi watu wamefanya kazi miaka bila kuuliza hilo.

Ukimpata mtu wa mwisho, andika maelezo yake mafupi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mama wa shinikizo la damu, abiria wa usiku, mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma. Huyu ndiye jirani uliyeamriwa umpende. Wiki tatu zinazobaki zinamhusu.

Wiki ya pili

Hatua ya 3. Chagua kazi moja unayoilipua na uiwekee kiwango.

Rudi kwenye safu ya nne. Chagua mstari mmoja tu ulioandikwa "haraka" au "kulipua". Wengi hutaka kurekebisha yote kwa siku moja, na kufika Alhamisi wameacha yote.

Kiwango lazima kiwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihakiki kwa macho. "Nitajitahidi zaidi" si kiwango. Mifano:

- Fundi cherehani: kila mshono unaanza na kumalizika kwa kurudisha sindano nyuma ili usifumuke, nyuzi zinazoning'inia zinakatwa, na nguo inapigwa pasi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Tarehe uliyoahidi ndiyo tarehe ya kukabidhi. Ukiona hutawahi, mpigie siku moja kabla, siyo yeye akufuate.
- Mama lishe: maharage yanachambuliwa kwenye ungo mchana kweupe, maji ya kunawa yanatiririka na sabuni ipo, mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi yanamwagwa.
- Bodaboda: kabla ya kuondoka kijiweni asubuhi, breki zote mbili zinajaribiwa, matairi yanaminywa, mnyororo unatazamwa, na kofia ngumu ya abiria ipo na mkanda wake unafunga.
- Mwalimu: kila daftari lenye kosa linapata neno moja la kuonyesha kosa liko wapi. Tiki na kosa peke yake havimfundishi mtoto.
- Nesi: unamwita mgonjwa kwa jina na kumweleza unachotaka kufanya kabla hujamgusa.

Paulo ana maneno makali kwa kazi inayofanywa vizuri bosi akiwepo tu: Waefeso 6:6 inaiita utumwa wa macho. Kwa hiyo pima kiwango chako wakati hakuna anayekuangalia. Mshono wa ndani ya koti, ambao mteja hataufunua kamwe, ndio kipimo.

Kutoka 31:1-5 inamtaja Bezaleli, wa kabila ya Yuda, kwamba alijazwa roho ya Mungu. Alijazwa ili afanye nini? Achonge mawe, afue dhahabu, fedha na shaba, achonge mti. Ustadi wa mikono umo kwenye Biblia kama kazi ya Roho, na fundi anayejifunza kuunga bomba lisivuje ana haki ya kuomba msaada wa Roho kwa jambo hilo hilo.

Hatua ya 4. Funga sala fupi kwenye vitu vya kazi.

Chagua vitendo vitatu unavyovifanya kila siku bila kukosa: kimoja cha kuanza, kimoja cha katikati, kimoja cha kufunga. Kufungua kufuli la duka, kuwasha pikipiki, kuingiza nenosiri la kompyuta, kuvaa aproni. Kila kimoja kifungie sala ya sentensi moja au mbili, isiyozidi sekunde 20. Mfano wa kuanza: "Bwana, watu wa leo ni wako. Nipe mikono ya kuwahudumia." Wa katikati: "Nirudishe." Wa kufunga unaweza kuchukua Zaburi 90:17, inayomwomba Mungu aithibitishe kazi ya mikono yetu.

Wakatoliki wengi wana Malaika wa Bwana saa 6:00 mchana; hiyo tayari ni sala ya katikati, itumie. Wengine wekeni muda wa chai.

Nehemia 2:4 ni mfano mzuri wa sala ya kazini. Mfalme amemuuliza swali, naye kabla ya kujibu anamwomba Mungu wa mbinguni. Ilikuwa sala ya kimya, katikati ya mazungumzo, mikononi akiwa na kazi ya kumhudumia mfalme mvinyo. Hakuomba ruhusa ya kwenda kufunga siku tatu. Siku nyingi za kufunga alishafunga nyumbani, sura ya 1.

Tahadhari mbili. Usitumie saa za mwajiri kwa ibada ndefu bila ruhusa. Huo ni muda uliolipiwa, na mteja aliyepanga foleni wakati wewe uko kwenye maombi anaibiwa. Na usimhubirie mtu asiyeweza kuondoka: mgonjwa kitandani, abiria katikati ya safari, mfanyakazi aliye chini yako. Akiuliza, jibu. Asipouliza, mtibu vizuri, mfikishe salama.

Wiki ya tatu

Hatua ya 5. Safisha fedha na vipimo.

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na wengi waliokwama wamekwama hapa. Huwezi kuomba asubuhi juu ya mizani inayoiba mchana. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Walawi 19:35-36 inataja mizani, mawe ya kupimia na vipimo vya ujazo kimoja kimoja.

Ukiwa na duka au genge, fanya ukaguzi huu Jumatatu asubuhi:

a) Mizani ikiwa tupu, mshale usimame kwenye sifuri kamili. Angalia ukiwa umesimama mbele yake sawasawa. Ukitazama kwa pembeni utaona uongo.
b) Pima chupa tupu ya lita moja na unakili uzito wake. Ijaze maji kamili mpaka alama ya lita, pima tena. Tofauti iwe kilo 1. Ikiwa imepungua au imezidi kwa kiasi kinachoonekana, mizani ina kasoro.
c) Angalia kama imehakikiwa mwaka huu na Wakala wa Vipimo (Tanzania). Haijahakikiwa, ipeleke.
d) Debe, sado au kopo lililobonyezwa kitako, toa kwenye matumizi leo.

Unayenunua mazao shambani, pima upande wako pia. Gunia la viazi lenye kilemba, lumbesa, linamnyima mkulima malipo ya kilo zote zilizopita mdomo wa gunia. Kwamba "ndivyo soko lilivyo" hakubadilishi alivyopunjwa. Nunua kwa kilo.

Uliyeajiriwa, mizani yako ni saa. Kwa siku mbili, andika muda unaotumia kwenye simu binafsi wakati wa kazi. Jumlisha. Kisha uulize kama mwajiri angekubali kuulipia.

Unayeajiri, hata kama ni dada wa kazi mmoja au kibarua wa kulima nusu eka, orodhesha unachodaiwa. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inataka mtu maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea ujira huo. Kama huna zote, mwite, mwambie kiasi, mpe sehemu leo na tarehe ya zinazobaki. Kunyamaza ndiko kunakomuumiza zaidi.

Ukigundua umewahi kumpunja mtu unayemjua, rudisha. Zakayo alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Usiyemjua tena, toa kiasi hicho kwa maskini, wala usikihesabu kama fungu la kumi.

Wiki hii ndiyo ya kumhitaji yule mtu wako wa kukusikiliza. Mwambie ulichokuta, kwa namba.

Hatua ya 6. Mapitio ya jioni, dakika 10.

Anza wiki hii na usiache tena. Njia ya kuipitia siku mbele za Mungu ni ya zamani. Ignasi wa Loyola aliifundisha katika karne ya 16, na Wakristo wa madhehebu mengi wanaitumia. Kaa chini, zima redio, fungua daftari, jibu maswali manne kwa mstari mmoja mmoja:

Leo kazi yangu ilimfaa nani?
Wapi nilimwona Mungu akifanya kazi kupitia mwingine kwa ajili yangu? (Dereva aliyenifikisha, fundi umeme, mama wa chai.)
Wapi nilimkosea mtu, na kesho nitamwambia nini?
Kesho kuna jambo gani ninaloliogopa?

Swali la pili wengi hulidharau. Lakini ukishazoea kuona mikono ya wengine kama mikono ambayo Mungu anakuhudumia kwayo, utaanza kuiamini ya kwako.

Usigeuze mapitio kuwa kesi. Kama maswali manne yote yanajibiwa kwa lawama siku tatu mfululizo, jibu la kwanza na la pili tu kwa siku mbili, kisha rudi kwenye yote.

Wiki ya nne

Hatua ya 7. Pumzika, na uipangie fedha.

Kutoka 20:9-10 inatoa siku sita za kazi na moja ya kupumzika, na inamtaja mtumwa, mgeni na hata mnyama. Asiyeweza kuacha kazi siku moja ameanza kuamini kwamba yeye ndiye anayeilisha nyumba yake.

Uliyeajiriwa, jua haki yako. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kwa wiki. Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inatoa siku moja katika kila siku saba. Nesi, mlinzi au dereva wa basi anayefanya kazi Jumapili, chagua saa 24 nyingine, na uhudhurie ibada ya katikati ya juma au misa ya asubuhi.

Unayeishi kwa mauzo ya siku, usiambiwe tu "mwamini Mungu ufunge". Hesabu. Kama nyumba inatumia shilingi 12,000 kwa siku, weka pembeni 2,000 kila siku kwa siku sita. Siku ya saba ina 12,000 yake. Hiyo ni nzito kwa kuanza? Anza na nusu siku: 1,000 kwa siku sita inakupa 6,000. Fedha hiyo isikae pamoja na mtaji, la sivyo itanunua mchele Jumatano.

Na siku ya kupumzika isiwe siku ambayo mke au binti anafanya kazi mara mbili ili wengine wapumzike. Pika jana, au wote mshike sufuria.

Hatua ya 8. Andika sentensi moja.

Sasa, na siyo mapema, andika kusudi la kazi yako. Ukiandika wiki ya kwanza utaandika maneno ya mahubiri. Tumia umbo hili: Kwa kazi hii, Mungu anampa (nani) (kitu gani), nami ninaifanya kwa (kiwango gani).

"Ninafanya kazi kwa utukufu wa Mungu" ni kweli, lakini haikuelekezi kitu saa 4:00 asubuhi mteja anapokutukana. Linganisha na hii: "Kwa kazi hii, Mungu anawapa mafundi wa ujenzi chakula kisafi cha bei wanayoiweza, nami ninakipika kana kwamba watoto wangu ndio watakaokula, na kila sahani ina kipimo kimoja."

Ijaribu kwa maswali matatu. Je, inamtaja mtu? Je, unaweza kujua jioni kama umeifuata au la? Je, mwenzako asiye Mkristo akiisoma angesema kazi hiyo inamfaa? Ikishindwa moja, iandike upya. Kisha ibandike mahali unapoiona ukifanya kazi: ndani ya mlango wa kabati, chini ya kioo cha meza, nyuma ya kitambulisho.

Ukikwama

Nimefuata hatua zote, sihisi chochote. Hisia haziko kwenye orodha ya matokeo. Rudi hatua ya 2 na uende ukamwone mtu wa mwisho kwa macho kama inawezekana: kaa dakika 20 pale dawa zinapogawiwa, au muulize mteja nguo ilimkaaje. Kama huna hamu na chochote, siyo kazi tu, na hulali wala huli vizuri kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukamwone mhudumu wa afya. Hilo si upungufu wa imani.

Bosi ananitaka nidanganye. Labda ni risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, yenye kiasi pungufu, labda ni tarehe ya dawa. Kwanza hakikisha umeelewa: rudia agizo kwa utulivu, "Unataka niandike 50,000 wakati mteja ametoa 80,000?" Wengine huacha hapo hapo wakilisikia kwa sauti. Akisisitiza, sema: "Bosi, nitafanya kazi yoyote halali, hii siwezi kuiandika kwa mkono wangu." Usihubiri, usimtishe. Andika tarehe na maneno kwenye daftari nyumbani. Anza kutafuta kazi nyingine huku ukifanya hii vizuri; kwa habari ya Danieli, maadui zake hawakupata kosa katika kazi yake (Danieli 6:4), na wewe usiwape. Ukiachishwa kazi isivyo haki Tanzania, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, kwa hiyo usikae miezi ukiomba bila kwenda.

Mshahara hautoshi, huu wito unanisaidia nini? Kusudi si mbadala wa mshahara. Luka 10:7 inasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Kudai nyongeza, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kutafuta kazi yenye kipato bora, vyote vinaweza kufanywa na mtu anayemtumikia Mungu kwa moyo. Mwajiri anayetumia Wakolosai 3:23 kukunyamazisha, msomee 4:1, inayowaambia mabwana wawape watumwa wao haki na adili.

Niache kazi niingie huduma ya wakati wote? Usiamue ndani ya wiki hizi nne. Paulo aliendelea kushona mahema na Akila na Priskila (Matendo 18:3) akiwa mtume kamili. Jiulize kama unavutwa na huduma au unaikimbia kazi. Mtu anayefika kazini saa moja baada ya wakati na kuacha kazi za wenzake zikikwama, mimbari haitambadilisha. Kama wito ni wa kweli, kanisa lako litauona pia. Ongea na viongozi, anza na huduma ya jioni na Jumamosi kwa mwaka mmoja huku ukilipa kodi ya nyumba kwa mshahara wako.

Kazi yangu ni ya nyumbani, hakuna anayenilipa. Hatua ni zile zile, na hatua ya 2 kwako ni rahisi kuliko ya yeyote: watu wa mwisho wanakula mezani kwako. Ugumu wako uko hatua ya 7. Dai saa zako za kupumzika, ziandikwe na wote nyumbani wazijue. Dorkasi wa Yafa alikumbukwa kwa kanzu na nguo alizowashonea wajane (Matendo 9:39). Wajane walimwonyesha Petro nguo hizo huku wakilia.

Wenzangu wananicheka, wananiita mlokole. Angalia kwanza wanacheka nini. Wakicheka kwa sababu hupokei chai ya chini ya meza, vumilia. Wakicheka kwa sababu unaongea sana Neno na kazi yako wanaimalizia wao, wana haki. Rudi hatua ya 3.

Nimeacha katikati, siku tano sijaandika. Usianze upya tangu siku ya kwanza. Endelea ulipoachia. Na kama unaacha kila mara siku ile ile ya juma, angalia kuna nini siku hiyo: mara nyingi ni siku ya gulio, mwisho wa mwezi au zamu ya usiku. Siku hizo fanya sala ya kuanza na ya kufunga tu.

Wiki nne zimeisha, sasa? Baki na sala tatu, mapitio ya jioni na siku ya kupumzika. Hatua ya 3 irudie kila mwezi na kazi nyingine unayoilipua. Ukaguzi wa mizani, saa na madeni urudie kila miezi mitatu. Ukibadilisha kazi, au ukipewa cheo, anza tena na zile safu nne, kwa sababu mtu wa mwisho amebadilika.